Msumari wa Pili

"Kocha, nirudishie gongo langu."

"Lile sasa ni la klabu, bwana mdogo. Cheza na hilo jipya."

"Na hili nimecheza mechi tatu, goli sina."

"Msimu uliopita ulikuja mgeni kwenye hoki, winga wa juzijuzi, ukatupia kumi na tisa. Mwaka huu mji mzima unataka thelathini. Jikaze."

Nyange akatazama ukutani. Gongo lake la zamani lilining'inia pale, limeandikwa 19 kwa rangi nyekundu. Pembeni yake kocha alishagongelea msumari mwingine, hauna kitu. Nyange akawageukia wenzake. Wote wakainamia viatu, kana kwamba kamba zimewashinda kufunga.

Basi akalitundika gongo jipya kwenye msumari ule, halina namba, akageuka akaondoka mikono mitupu.