Kona ya Behewa la Mwisho

Siku ya kwanza treni ya saa moja na robo ilipoondoka na yule mwanamke akabaki jukwaani, Kibendera alidhani amechelewa kupanda. Siku ya pili alidhani anamsubiri mtu. Siku ya tatu alimtambua, na chai aliyokuwa akinywa ikamgeukia shubiri mdomoni.

Alikuwa mjane wa yule abiria aliyefia hapo stesheni.

Jina la Kibendera alipachikwa na abiria, maana kwa miaka ishirini na miwili yeye ndiye aliyeinua bendera ya kijani kuruhusu treni iondoke. Kazi nyepesi, watu walisema. Lakini stesheni yenyewe ilikuwa na kilema. Ilijengwa zamani mbele ya geti la kiwanda cha matofali, mahali reli inapopinda, ili vibarua washukie mlangoni pa kazi. Kiwanda kikafa, nyumba zikaota kila upande, stesheni ikawa ya watu wa ofisini. Kona ikabaki palepale. Aliyesimama kibandani hakuliona behewa la mwisho. Na huko mwisho, kwa sababu ya kule kupinda, kati ya jukwaa na behewa palibaki pengo la kumeza mtu. Kwa hiyo sheria ilikuwa moja: tembea mpaka konani, tazama, ndipo uinue bendera.

Asubuhi ile mvua ilikuwa ikimwagika kama imetumwa. Kibendera hakutembea. Aliinua bendera akiwa mlangoni pa kibanda, mguu mmoja ndani. Treni ikaondoka. Ndipo mayowe yakaanza konani.

Kwenye kikao cha uchunguzi aliulizwa swali moja tu, akajibu bila kupepesa macho: "Nilifika konani. Nilitazama kwa macho yangu. Kulikuwa salama."

Mjane alikuwa ameketi mstari wa mbele, mikono mapajani. Ikaandikwa kwamba marehemu aliteleza treni ikiwa imeshaanza kwenda. Yakaisha.

Hayakuisha. Wiki mbili baadaye mwanamke akaanza kuja, na hakukosa asubuhi hata moja. Hapandi, hasalimii. Anajiegemeza ukutani, mbali kabisa na ukingo wa jukwaa, anamkodolea macho Kibendera mpaka treni ipotee, kisha anakwenda zake. Miaka mitatu. Kibendera alikonda hadi shati la kazi likawa kama limetundikwa msumarini. Siku hizo alikimbia konani hata mara tatu kwa treni moja, abiria wakimzomea kuwa anawachelewesha.

"Baba watoto, kitu gani kinakutafuna?" mkewe alimbana jioni moja.

Akamweleza yote.

"Mwambie," alisema mkewe. "Akikupeleka polisi, nitakuletea chakula huko huko. Lakini kwa hivi unavyoishi, mimi nami tayari ni mjane."

Kesho yake, treni ilipokwisha kuondoka, Kibendera alikunja bendera yake akamwendea. Mwanamke akajibana ukutani.

"Dada, usiogope. Nisikilize tu. Kule kwenye uchunguzi nilisema uongo. Sikufika konani, nilikwepa mvua. Ningefika, ningemwona mumeo mle pengoni, na treni isingeondoka. Mimi ndiye niliyemuua."

Mwanamke alibanduka ukutani. Akapapasa benchi, akaketi.

"Hukufika konani?"

"Sikufika."

"Kwa hiyo hukuona chochote?"

"Haki ya Mungu, dada, sikuona chochote."

Mwanamke alimtazama, kisha machozi yakamtoka.

"Miaka mitatu, kaka," alisema, "nakuja hapa kila asubuhi kukusoma uso, nijue ni lini utawaambia kwamba uliniona nikimsukuma."