Kidole cha Sita

"Bi Eulalie, hebu panda uone vituko!" fundi mweusi aliita kutoka roshani ya kanisa huko Carolina, Marekani, walikokalishwa watumwa enzi za utumwa.

Eulalie, mzungu ambaye ukoo wake ulilijenga kanisa hilo la Kiepiskopali, alipanda akihema. Plasta ilikuwa imebanduliwa. Tofali moja lilikuwa na alama ya kiganja cha mtoto.

"Watoto wa watumwa ndio waliofyatua haya," fundi alisema. "Huyu alikuwa na vidole sita."

Eulalie aliuficha mkono wake nyuma, ule wenye kovu la kidole cha sita alichokatwa utotoni, kama baba yake, kama babu yake.

Fundi, aliyekwisha kuliona, alivua glavu, akamwonyesha kovu lake kama hilo.

"Basi shikamoo, shangazi."