Mafuta ya Kutuliza Hasira

Katika Mwanza ya miaka hiyo, mwanamume aliyempiga mkewe hakufungwa jela. Alirudishwa nyumbani na kopo la mafuta, na sheria ikamtaka mkewe ampake mgongoni kila asubuhi. Ndani ya mafuta hayo mlikuwa na vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyopenya ngozi na kuifikisha damuni dawa ya kutuliza hasira.

Kabula, mmoja wa wake hao, alipewa pia glavu za kukinga mikono yake. Masanja, mumewe, alizitia motoni siku ya kwanza.

"Mke gani anamshika mumewe kwa mpira?"

Basi akawa anampaka kwa mikono mitupu, na mume akishapakwa anakwenda moja kwa moja bafuni kujisugua kwa dodoki na maji ya moto. Dawa ikaishia mwilini mwa Kabula, kupitia viganja vyake.

Jumapili moja chai ilipoa. Masanja alimbamiza mkewe kichwa ukutani, akamwangusha, akamkanyaga mbavu. Nyanzobe, mdogo wake Kabula, alikuwa amekuja kuwasalimu; alipoingia akakuta damu sakafuni. Alinyakua mchi, akamtwanga shemeji yake begani hadi akapiga magoti.

"Dada, inuka! Tukimbie!"

Kabula alitafuta hasira moyoni, hata woga tu, asipate. Alijisikia raha, kama mtu aliyeoga na kushiba. Alitema jino, akainuka taratibu, akamnyang'anya mdogo wake ule mchi.

"Usimuumize, mdogo wangu," alisema akitabasamu. "Mwache amalize. Atachoka."

Nyuma yake, Masanja alikuwa ameanza kuinuka.