Beti Chini ya Picha ya Mhaini

Ser Naldo alipomwona rafiki yake Lapo akining'inia ukutani, kichwa chini miguu juu, alirudi nyuma hatua mbili.

Ilikuwa picha tu. Kwetu Firenze mhaini akitoroka huchorwa hivyo kwenye ukuta wa mahakama, na mshairi huandika beti za kumtukana chini yake. Safari hii mshairi alikuwa Naldo.

"Picha imebaki kupumua tu, eti?" mkuu wa askari alimwambia. Alikuwa mgeni mjini, hakuwahi kumwona Lapo, na wengi waliomjua walishatoroka. "Keshokutwa tunapita nyumba kwa nyumba. Kila jirani atakuwa keshaikariri hii sura."

Naldo aliitikia kwa kichwa. Lapo alikuwa darini kwake. Majirani walishamwona dirishani, wakaambiwa ni binamu wa mkewe kutoka Prato. Akitambuliwa, watanyongwa wote watatu.

Nyumbani alimkuta Lapo anachana nywele.

"Nimetokeaje pichani?" Lapo aliuliza. "Nywele wamezipata?"

"Wewe mwanamume, unatafutwa uuawe, unauliza nywele!" alifoka Piera, mke wa Naldo.

Naldo aliketi akaandika. Washairi wote huapa kwamba brashi haiwezi kumfikia mtu mwenyewe, naye akaapa hivyo hivyo. Mchoraji kampendelea mhaini, aliandika. Lapo wa kweli ana makengeza, meno ya punda, na pua iliyopinda kama kisigino cha kiatu kikuukuu.

Mji ulivunjika mbavu. Kufika adhuhuri watoto waliziimba beti hizo kila kichochoro, hata chini ya dirisha la dari alimojificha Lapo. Askari walianza kuwasimamisha wenye makengeza. Naldo alikula supu sokoni, akaimaliza, hofu ikampungua kwa mara ya kwanza.

Alirudi mbio kumpa Lapo habari njema. Dari ilikuwa tupu.

"Kavaa joho lake jekundu," Piera alisema akilia. "Nimemshika, kanisukuma!"

Naldo alikimbia hadi mahakamani. Chini ya picha, katikati ya askari walioduwaa, Lapo alikuwa amevua kofia, anageuza uso huku na huku kwenye mwanga.

"Tazameni wenyewe!" alifoka. "Hii pua imepinda wapi?"