Shetani wa Wakili

"Nenda kaombe kesi iahirishwe," wakili mkuu alimwambia Orlaith kwenye ngazi za mahakama ya Dublin. "Sema niko njiani. Nina mteja mnono chumba cha pili."

"Na ule mshahara tuliouzungumzia?"

Akacheka. "Binti, tangu lini shetani akalipwa? Mwombe baba yako."

Ndivyo waitwavyo pale mawakili wachanga: shetani wa fulani. Wamekwisha kuapishwa, lakini mwaka mzima humwandikia bwana wao hoja na kulipwa supu ya mchana. Baba yake Orlaith alikuwa dereva wa tramu.

Ndani, mteja wao, mama mmoja aliyekuwa akifukuzwa nyumbani kwake, alimshika joho. "Usiniahirishie tena, mwanangu. Nimechoka kuishi na masanduku mlangoni."

Kola nyeupe ilimkaba Orlaith. Alikuwa ameifua na kuitia wanga mwenyewe, na mkunjo wake mgumu ulimkwaruza koo kila alipomeza mate.

"Wakili wa huyu mama yuko wapi?" jaji aliuliza.

Orlaith akasimama. Maneno aliyotumwa yalikuwa ulimini.

"Kumbe ni wewe! Si wewe ndiye shetani wa yule bwana?" Jaji alitabasamu, na mawakili wa upande wa pili wakaangua kicheko.

Damu ikampanda usoni. Akafungua jalada lenye hoja alizoziandika kwa mkono wake.

"Hapana, Mheshimiwa," alisema. "Mimi ndiye wakili wa huyu mama, na tuko tayari."