Marahaba ya Mama

Kila ukoo ulitakiwa kuwa na mashine tatu za kupokezana salamu, na salamu iliyokosa jibu kufikia saa tatu asubuhi iliwaleta maofisa wa ustawi mlangoni. Mwanakombo, fundi wa mitambo, ndiye aliyeziunganisha za kwao: moja kwake, moja kwa kaka yake Shaali, moja kwa mama yao shamba. Alizipanga hivi kwamba moja ikizimika, mbili zilizobaki zingeshika kazi yake na kujibu kwa maneno ya mwenyewe, na hakuna ambaye angehisi pengo. Maofisa hawakuwahi kubisha hodi.

Jumamosi moja, akikagua mitambo, aliona mashine ya mama imezimika kwa siku tisa. Akampigia Shaali.

“Kaka, mara ya mwisho umemwona mama lini?”

“Kumwona? Si tunasalimiana kila asubuhi?”

Hata yeye alisalimiana na mama kila asubuhi. Akakata simu, akaandika kwenye simu hiyo, iliyounganishwa na mashine yake: “Shikamoo mama.”

Jibu liliingia kabla hajaiweka simu mezani.

“Marahaba mwanangu. Mimi huku mzima, ndiyo kwanza nakunywa chai.”

Mwanakombo akaanza kutafuta viatu vyake.