Mvua Isiyovuja

Programu ya kuotesha ndoto tuliiandika sisi, wanafunzi wa masomo ya jioni hapa Tabora, tukaigawa bure. Sharti lilikuwa moja: atakayeiboresha na kuigawa aturudishie maboresho. Ndani ya ndoto hiyo, mvua ya kwenye bati niliiandika mimi. Kampuni ya wingu, yaani ya kompyuta za mbali zinazotumiwa kwa mtandao, iliichukua programu, ikaiboresha, ikaikodisha. Sheria inasema kinachokaa winguni hakijagawiwa, kwa hiyo kampuni haiturudishii kitu.

Mchana mke wangu Nyamizi hulala akiota ndoto ya kampuni hiyo.

“Rudi kwenye yetu,” nilimwambia leo.

“Yetu inavuja, Baba Kulwa.”

“Huko unakuwa na nani?”

“Na wewe. Ila huko unanisikiliza.”

Nikaanza kumfafanulia sharti letu tangu mwanzo. Nilipofika katikati alikuwa amefumba macho, anatabasamu, anamjibu mtu taratibu, akimwita kwa jina langu.